DORNIER 27: PUNDAMILIA ALIYEKUWA ASKARI

Iko ndege moja ambayo huenda umewahi kuiona pichani bila kujua jina lake. Ni ndogo, ina injini moja puani, bawa lake limekaa juu ya kichwa cha rubani, na imepakwa mistari myeusi na myeupe mwili mzima. Chini yake nyumbu wanatimka vumbi. Ndiyo ndege ya Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ile iliyokuja Serengeti kuhesabu wanyama. Watu wa utalii wanaiita "ndege ya pundamilia", basi, yameisha. Hakuna anayeuliza ilibuniwa kwa kazi gani kabla ya kupakwa rangi.

Ilibuniwa kwa ajili ya jeshi. Jina lake ni Dornier Do 27, na ile mistari ilikuwa vazi tu. Ndani ya vazi alikuwemo tarishi wa kijeshi. Nasema tarishi kwa makusudi, kwa sababu ndege za aina hii kazi yake ni ile ile ya yule mzee wa ofisini anayebeba faili kutoka mlango huu hadi mlango ule, anayejua kila korido na siri za kila meza, lakini picha yake haitundikwi ukutani. Vitabu vya vita vimejaa Spitfire, Messerschmitt na MiG. Tarishi hana mashabiki. Mimi nimekuwa shabiki wake, tena shabiki mwenye kinyongo, na nitakueleza vyote viwili: ushabiki na kinyongo.

Tuanze na kazi. Jeshi likiwa vitani lina mambo mengi ambayo ndege ya mbio haiwezi kuyafanya. Jenerali anataka kwenda kuonana na kamanda wake aliyeko kilomita 80 mbele, na barabara imejaa malori. Mtu wa mizinga anataka kujua kama makombora yake yanaangukia kwa adui au yanaua mbuzi wa watu. Kuna majeruhi asiyeweza kungoja mpaka kesho. Kwa mambo haya unahitaji ndege inayoweza kutua shambani, njiani, kwenye uwanja wa mpira wa kijiji, ikapakia mtu na kuondoka. Na ikiwa angani iweze kwenda polepole kiasi kwamba aliyemo ndani anaona chini vizuri, anatofautisha mti na mtu.

Hapo ndipo utaalamu ulipo. Kila mtu anafikiri ugumu wa ndege ni kwenda mbio. Wapi! Kwenda polepole ndiyo kazi. Siku ukikaa dirishani kwenye daladala, konda akiwa hakuangalii, toa kiganja nje. Kikilazwa, upepo unapita tu. Kiinue kidogo upande wa mbele, mkono unanyanyuka wenyewe. Kiinue sana, mara mkono unatikisika na kuanguka, kwa sababu hewa iliyokuwa inateleza juu ya kiganja imeachana nacho. Bawa nalo ni hivyo hivyo. Rubani akipunguza mwendo analazimika kuinua pua ili ndege ibaki juu, na akiizidisha, hewa inaachana na bawa na ndege inadondoka kama jiwe. Dawa waliyoigundua mafundi ni kuweka kipande chembamba mbele ya bawa, kikiacha mwanya. Hewa inapenya kwenye mwanya ule na kusukumwa kurudi juu ya bawa, inaendelea kulishika hata pua ikiwa imeinuka sana. Nyuma ya bawa wanaweka vibao vinavyoshuka chini na kulifanya bawa lipinde zaidi. Ukiviunganisha vyote viwili unapata ndege ambayo, upepo ukiwa mkali kutoka mbele, inaonekana kama imetundikwa.

Babu wa ukoo huu kwa Wajerumani ni Fieseler Fi 156, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936 na kubandikwa jina la Storch, yaani korongo, kwa ajili ya miguu yake mirefu iliyoning'inia ikiwa angani. (Korongo wa kweli wa Ulaya hukimbia baridi ya kwao na kuja kula panzi kwetu, lakini hilo ni somo la siku nyingine.) Storch ilitengenezwa zaidi ya 2,000. Rommel aliitumia kuzungukia vikosi vyake katika jangwa la Libya. Siku yake ya umaarufu ni tarehe 12 Septemba 1943, pale Benito Mussolini alipokuwa amefungiwa na Waitalia wenzake katika hoteli juu ya mlima wa Gran Sasso. Askari wa Hitler walishuka kwa glaida, wakamtwaa. Sasa atashukaje? Ikaletwa Storch, ikatua kwenye kipande cha mteremko wenye mawe. Rubani Heinrich Gerlach alitaka kumbeba Mussolini peke yake. Otto Skorzeny, jitu la miraba minne, naye akang'ang'ania kupanda, eti hawezi kumwacha Mussolini aende bila yeye. Ndege ya watu wawili ikabeba watatu, ikatimka kuelekea kwenye genge, ikazama, ikainuka. Ningetamani isingeinuka, lakini kwa ufundi tu, nawavulia kofia walioibuni.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 Wajerumani walipigwa marufuku kutengeneza ndege. Claude Dornier, aliyekuwa fundi maarufu wa ndege za kutua majini, akahamia Hispania na kufungua ofisi ya ubunifu Madrid. Jeshi la anga la Hispania lilikuwa linataka tarishi mpya. Ikazaliwa Do 25, iliyoruka mwaka 1954, na mwaka uliofuata mdogo wake Do 27. Mwaka huo huo wa 1955 Ujerumani Magharibi ilirudishiwa mamlaka yake na ikaruhusiwa kuwa na jeshi tena. Jeshi jipya linahitaji nini kwanza? Tarishi. Bundeswehr iliagiza zaidi ya 400. Kwa hiyo Do 27 ndiyo ndege ya kwanza Wajerumani kuitengeneza kwa wingi baada ya vita, na jumla, pamoja na zile 50 zilizoundwa Hispania, zilipita 600. Injini yake ilikuwa Lycoming ya Marekani, nguvu za farasi kama 270. Bawa lilikuwa na urefu wa mita 12 kutoka ncha hadi ncha, tena lilisimama lenyewe bila nguzo za kulishikilia kutoka chini, kwa hiyo hakuna kitu kinachomziba macho aliyekaa dirishani. Kumbuka hilo la dirisha.

Sasa Serengeti. Bernhard Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Alikuwa amepata pesa kwa filamu yake ya mwaka 1956 kuhusu wanyama wa Afrika, akataka kununua ardhi iongezwe kwenye hifadhi. Peter Molloy, aliyekuwa akiongoza hifadhi za taifa za Tanganyika, akamwambia kuna jambo la maana zaidi: serikali ya kikoloni inataka kubadili mipaka ya Serengeti, na hakuna anayejua wanyama ni wangapi wala wanahamia wapi. Nenda kahesabu. Baba na mwana wakajifunza urubani, wakapata Do 27, wakaipaka mistari, na Desemba 1957 wakaanza safari kutoka Frankfurt kupitia bonde la Nile mpaka kwetu. Namba yake ilikuwa D-ENTE. Hiyo D ni ya Ujerumani, na Ente kwa Kijerumani ni bata. Pundamilia, bata, korongo: ukoo mzima wa wanyama.

Mwanzoni mwa 1958 wakahesabu. Walilikata eneo vipande vipande, wakaruka kwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta, kila mmoja akitazama upande wake wa dirisha. Jibu lao lilikuwa wanyama wakubwa 366,980, kati yao nyumbu 99,481. Ukisoma namba iliyonyooka namna hiyo unashtuka kidogo, kana kwamba nyumbu walisimama foleni. Ukweli ni kwamba hesabu yao ilikuwa pungufu. Hesabu nyingine ya mwaka 1961 ilipata nyumbu zaidi ya 260,000, na mama nyumbu hazai haraka kiasi hicho. Baadaye waliongezeka kweli kweli, mpaka wakapita milioni moja katika miaka ya 1970, na sababu kubwa ni kwamba ng'ombe wa wafugaji walichanjwa na sotoka ikatoweka kwa nyumbu. Yaani sindano kwenye shingo ya ng'ombe ilifanya kazi ambayo hakuna filamu ingeifanya.

Hata hivyo jambo kubwa waliloliona Wajerumani hawa wawili lilikuwa sahihi. Waliwafuata nyumbu msimu hadi msimu na kukuta kwamba mstari uliochorwa ofisini haukujua nyumbu anakwenda wapi. Malisho yao ya masika yalikuwa upande ule uliokuwa unakatwa. Bila ndege inayokwenda pole isingewezekana, maana ndege ya mbio ingewatawanya na gari lingekwama kwenye tope.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani. Tumbusi aligonga bawa, na D-ENTE ikaanguka. Michael alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, na baba yake alipofariki mwaka 1987 majivu yake yaliletwa na kuzikwa pale pale. Filamu yao ilipata Oscar mwaka 1960. Ndege iliyobuniwa kwa kukwepa risasi ikauawa na ndege mla mizoga. Ukiandika hivyo kwenye hadithi ya kubuni, mhariri atakukatia.

Na hapa ndipo kinyongo kinapoanza. Mwaka ule ule wa 1959 Serengeti iligawanywa. Ngorongoro ikawa eneo la wanyama na watu pamoja, na Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi ya Serengeti ikabidi watoke. Grzimek aliamini kwamba hifadhi si mahali pa watu kuishi, na hakuficha. Mimi sisemi ndege iliwahamisha Wamaasai. Uamuzi ulikuwa wa wakoloni. Nasema kwamba kutoka kwenye lile dirisha zuri lisilo na nguzo, nyumbu alipata namba na boma likaonekana kama doa. Tangu mwaka 2022 kaya za Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, Handeni, na ubishi juu ya jambo hilo umefika mpaka mahakamani. Kijana wa Kimaasai anayelinda geti mtaani kwako huko mjini anaweza kukusimulia upande wake vizuri kuliko mimi.

Lakini nduguze D-ENTE walikuwa wapi wakati huo? Wengi walikuwa kwenye kambi za Ujerumani Magharibi wakibeba maofisa. Wengine walishuka kusini. Ureno, nchi maskini ya Ulaya iliyong'ang'ania makoloni, ilianza kupigana Angola mwaka 1961, Guinea mwaka 1963, na Msumbiji tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO waliposhambulia kituo cha Chai huko Cabo Delgado. Jeshi la Ureno lilihitaji tarishi, na likapata Do 27 zaidi ya mia moja. Bonn ilisema silaha inazoipa Ureno ni za ulinzi wa NATO. Lisbon nayo ilisema Msumbiji si koloni, ni mkoa wa Ureno ulioko ng'ambo. Ukiziweka kauli hizo mbili pamoja, utaona jinsi ndege ya ulinzi wa Ulaya ilivyofika Mueda, ikalala pale ikingoja kupambazuke.

Huko Msumbiji Do 27 ilifanya kila kazi ya utarishi. Ilipeleka barua na mishahara kwenye vituo vya msituni, ilibeba majeruhi, ilidondosha karatasi za kuwaambia wananchi wajisalimishe. Wakati mwingine ilifungwa roketi ndogo chini ya mabawa. Ila kazi yake kuu ilikuwa kutazama. Dirisha ni lile lile. Yule anayeweza kutofautisha nyumbu na pundamilia anaweza pia kutofautisha shamba lililolimwa na lililoachwa, na moshi wa moto wa porini na moshi wa jiko.

Pale Mwenge, kwenye vinyago, kuna fundi mmoja mzee wa Kimakonde aliyevuka Ruvuma na mama yake wakitoka upande wa Mueda, miaka ile ya vita. Nilikwenda kwake kwa shughuli nyingine kabisa. Nilimwamkia, akaitika, tukazungumza, na nilipotaja ndege akaweka patasi chini.

"Ile ndogo ndiyo tuliyoiogopa, mjukuu wangu," aliniambia.

Nikamuuliza, babu, si kulikuwa na jeti? Akacheka.

"Jeti unasikia imeshapita. Ile inakuja pole pole, inazunguka. Inakaa. Mnabaki mmelala kwenye mihogo, mtoto akilia mama anamziba mdomo. Haipigi. Inaondoka zake. Halafu kesho yake ndio wanakuja wenye mabomu."

Akaendelea kunieleza kwamba walijifunza kupika usiku tu, na kuanika unga chini ya miti, na kwamba nguo nyeupe zilipigwa marufuku. Kuku mweupe pia walimla mapema. Niliandika yote hayo nyuma ya risiti, maana daftari sikuwa nalo. Vijana wenzangu tunaojifunza kuandika, nendeni kwa wazee hawa. Kumbukumbu za kijeshi za Lisbon zitakupa saa za kuruka na lita za mafuta, lakini habari ya kuku mweupe hutaipata humo.

Tanzania haikuwa mbali na mambo haya. FRELIMO walifunza wapiganaji wao Kongwa na Nachingwea. Na katika kipindi hicho hicho, sikia kichekesho, Wajerumani wa Magharibi walikuwa wakisaidia kuanzisha kikosi chetu cha anga! Lilivunjika mwanzoni mwa 1965, Mwalimu Nyerere aliporuhusu Ujerumani Mashariki wawe na konseli kuu Dar es Salaam. Bonn ikakasirika, ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Mwalimu akajibu kwamba basi, wachukue na misaada yao mingine. Wakaja Wakanada na ndege zao za Otter na Caribou, wakakaa mpaka 1970. Otter nayo ni ya ukoo wa ndege zinazotua popote, kwa hiyo hata sisi tarishi wetu tulimpata, ila kwa mlango mwingine.

Mwisho wa enzi ya tarishi juu ya Afrika ulianzia Guinea. Mwaka 1973 wapiganaji wa PAIGC walipata Strela, kombora la Kisovieti linalobebwa begani na kufuata joto la injini. Machi walianza kuangusha jeti za Wareno, na Aprili zikaanguka Do 27. Ghafla upole uliokuwa silaha ukawa kifo: ndege inayokaa mahali pamoja ikitazama ni shabaha nzuri mno. Marubani walilazimika kuruka chini sana, wakigusa vilele vya miti, au juu sana, mahali ambapo lile dirisha halina faida. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Aprili 1974, maofisa wa Ureno waliochoka na vita waliipindua serikali yao wenyewe. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Nisisahau mtoto wake wa injini mbili, Do 28. Jimbo la Katanga lilipojitenga na Kongo, lilijipatia ndege kadhaa za aina hiyo mwaka 1961 na kuzitumia kudondosha mabomu. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba mwaka ule, ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola. Uchunguzi wa suala hilo ulifufuliwa na Umoja wa Mataifa, na tangu 2015 umeongozwa na Mtanzania, Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mwaka 2017 aliandika kwamba inawezekana shambulio au tishio kutoka nje ndilo lililoiangusha, na Do 28 ni mojawapo ya ndege alizozichunguza. Baadhi ya nchi hazijafungua mafaili yao yote.

Do 27 za Bundeswehr zilistaafishwa, na pia zile za Ureno. Nyingi zilikatwa vyuma chakavu. Zilizopona ziliuzwa kwa raia, na zipo ambazo zinavuta glaida za vilabu huko Ujerumani siku za mapumziko, kwa sababu bado hakuna ndege nyingi zinazojua kwenda polepole namna ile. Nilirudi Mwenge kumweleza mzee habari hiyo. Alisikiliza huku anasugua mgongo wa kinyago kwa msasa, kisha akauliza kama bado zinalia vile vile. Nikamwambia injini ni ile ile, babu.